Lita Tano za Kurudi Nyumbani

Mtu aliyeniuzia gari Mombasa aliniapia kwamba lita moja ya petroli ingenipeleka kilomita thelathini. Nikamwuliza, thelathini wapi? Akasema popote. Basi nikajua huyu hajawahi kufika Garsen, maana mimi sijaona bado kitu kinachofanya kazi vilevile popote, si dawa, si mtu, sembuse gari. Lakini nililinunua. Lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye injini ya petroli na betri kubwa iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Watu huyaita haibridi. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa chote kwa Kijapani, kwa hiyo nilichoweza kusoma ni picha tu.

Mimi sipendi kuambiwa, na ni vizuri niliseme hilo mapema. Nafanya kazi maabara katika kituo kimoja cha afya Garsen, na kazi yenyewe ni kutazama damu za watu na kuandika nilichokiona, hata kama mwenye damu amenikazia macho ya kuniomba niandike kingine. Nimeizoea mpaka naibeba nyumbani. Mtu akiniambia chai ina sukari ya kutosha, lazima nionje. Marehemu baba alikuwa akisema nitakosa mume kwa sababu ya maswali yangu, na hilo nalo limethibitika.

Safari hii lakini sikuwa napima kwa ubishi. Mama yangu anaishi kijijini kwetu, kando ya mto Tana, upande wa kwenda Wenje, katika nyumba aliyoijenga na baba, hatua chache kutoka shamba lake la ndizi na mpunga. Ana kisukari, na macho yake yamekwisha karibu yote. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mwezi wa nne aliteleza akiteremka mtoni, akalala na nyonga iliyovimba mpaka asubuhi, jirani alipopita kuomba moto. Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Garsen, nikija nyumbani Jumamosi kama mgeni. Hospitali wakamtoa kwenye vidonge wakamtia kwenye sindano, mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na yeye hawezi kuiona mistari ya bomba la sindano.

Kaka yangu, mkubwa wangu na ndugu pekee niliye naye, anaishi Mombasa. Alikuja, akamtazama mama, akatoka nje akaniambia mama anahamia kwake. Ana nyumba, ana mke mwenye moyo mzuri, na hospitali iko karibu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Shida ni moja tu, mama hataki. Alisema hataki mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akaenda shambani kwake akipapasa kwa fimbo, na hakurudi mpaka kaka alipoiacha habari hiyo.

"Nitahamia hapa," nikamwambia kaka. "Nitakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni."

"Garsen? Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa mafuta gani, dada?"

Swali lilikuwa la haki. Kutoka mlangoni kwa mama mpaka kazini na kurudi ni kilomita mia moja na kumi na nane. Niliukalisha mshahara wangu chini nikauuliza kwa uaminifu, ukanijibu kwamba unabeba lita tano kwa siku, ya sita hauibebi. Kaka akanipa mpaka shule zitakapofungwa mwezi wa nane. Nikiweza, mama anabaki. Nikishindwa, anakuja kumchukua. Tulipeana mkono kama watu wanaouziana mbuzi, na siku hiyohiyo nikarudisha ufunguo wa chumba changu cha Garsen.

Njia ya kupima ni rahisi, na sijui kwa nini watu hawaitumii. Jioni kabla ya kutoka Garsen najaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Naenda nyumbani, nalala, narudi kazini, na jioni inayofuata najaza tena kwa pampu ileile mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo nilizotumia. Dashibodi nayo ina hesabu yake, lakini nilikuja kugundua kwamba dashibodi hujisifu. Siku ya kwanza iliniambia kilomita ishirini na saba kwa lita, pampu ikasema ishirini na nne. Nikaanza kulichukulia gari kama wale wagonjwa wanaoapa kwamba hawajagusa soda wiki nzima.

Ishirini na nne ilinitosha. Maana yake ni lita nne na nukta tisa kwa siku. Nilikaa garini pale kwenye kituo cha mafuta nikicheka peke yangu, hata mhudumu akaja kuniuliza kama niko sawa.

Sasa nikataka kujua hizo lita zinakwenda wapi. Barabara yetu ina vipande laini na vipande vilivyoliwa, na mimi, kama kila mtu, niliamini kwamba mafuta yanaishia kwenye mashimo. Nikapima, nikakuta kinyume. Kwenye lami nzuri, nikienda mia, injini ilikuwa inafanya kazi muda wote bila kupumzika. Kwenye mashimo, nikienda ishirini, thelathini, nikishika breki, nikiachia, injini ilikuwa inanyamaza kabisa na betri inavuta. Kila nikishika breki, mshale mdogo kwenye dashibodi uligeuka kuelekea nyuma, gari likirudisha nguvu kwenye betri badala ya kuitupa. Sikuamini. Nikarudia wiki nzima, majibu yakawa yaleyale. Tangu hapo sikuvuka sabini hata kwenye lami nzuri. Malori yalinipita yakinipigia honi, nami nikayaacha yaende, maana hayana mama yangu ndani.

Siku moja karibu na Garsen nilikuta ng'ombe wamejaa barabarani, mia na zaidi, wakitembea kama wenye njia yao. Injini ikazima, nikawa nawafuata polepole kwa betri. Mfugaji aliyekuwa nyuma yao akageuka, akashtuka kuniona mgongoni kwake.

"Gari yako nakufa?" akaniuliza.

"Haijafa. Inatembea kwa betri."

Akalitazama gari, akawatazama ng'ombe wake. "Sasa ng'ombe nasikia aje?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nimeuliza maswali yangu kuhusu gari lile, na hilo halikunijia hata mara moja. Nikapiga honi kwa adabu, ng'ombe wakanipisha.

Na kuna habari ya watu. Kwenye barabara yetu humpiti mtu aliyesimama juani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila kila mtu anaijua, na nafasi maana yake ni kwamba mlango bado unafungika. Kwa hiyo nilibeba. Nilibeba mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, madumu ya maziwa, na siku moja gunia la kambare lililovuja maji mpaka kwenye sponji ya kiti. Nilipima na hilo pia. Watu wanne na mizigo yao walinigharimu kama robo ya lita, na siku zenye abiria mmoja au wawili ziliifidia. Kwa wiki nzima nilibaki ndani ya lita tano zangu.

Mama aliisikia harufu ya kambare Jumapili tukienda kanisani, yeye amekaa nyuma pembeni mwa dirisha, mahali pake. Pua yake imekuwa kali tangu macho yapungue. Hakunilaumu. Wiki kama mbili baadaye alinikabidhi mkeka wa ukindu uliokuwa umekunjwa vizuri. Alikipima kiti kwa shibiri bila mimi kujua, akasuka na kushona kwa vidole tu, bila kuona. Ulifunika kikalio cha kiti, mgongo wake, ukapanda ubavuni huku na huku, na chini ulikuwa na kamba za kufungia. Ulikaa pale kana kwamba kiti kilitoka kiwandani nao. Nilijua, na yeye alijua, kwamba huenda ndio mkeka wake wa mwisho. Nilipofika kazini niliwatoa wenzangu wote nje waje kuuona.

Mambo yalianza kuharibika Julai. Kwanza tano na nusu. Nikasema ni upepo. Kisha sita. Nikasema ni pampu, nikahama kituo, nikapata sita na nukta mbili. Nikapima upepo wa matairi, yalikuwa sawa. Nikampelekea fundi, akafungua boneti, akainama muda mrefu na mikono nyuma kama anayetazama maiti, kisha akasema betri imezeeka ninunue nyingine. Nikamwuliza ameijuaje na betri haiko huko mbele. Akakasirika, nami nikakasirika, tukaachana hivyo.

Nikaanza kujinyima. Nilizima kiyoyozi, nikafungua madirisha yote, nikawa nafika kazini nina vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Siku moja pampu ilisoma saba. Nilirudia kuisoma mara tatu. Niliogopa kweli, maana zilikuwa zimebaki siku chache mwezi wa nane uingie, na sikuwa na kitu kingine cha kuzima.

Nilikuwa nimebakiwa na watu. Nikajiambia kwamba kwa wiki moja sitambeba mtu, nione tu. Niliita jaribio. Ni neno zuri hilo, linafunika mambo mengi. Siku ya pili ya jaribio langu, jioni, alikuwa amesimama mama mmoja wa kijijini kwetu, mtoto mgongoni na ndoo miguuni. Alilitambua gari kwa mbali. Alikwisha kuinama kuokota ndoo yake, anatabasamu, nami nikapita. Niliendelea kumwona kwenye kioo, ameinuka na ndoo mkononi, hajaelewa bado. Kesho yake pampu ikasoma sita na nukta sita. Yaani nilimwacha yule mama juani na mtoto wake kwa chini ya nusu lita.

Mama alikuwa na habari kabla sijafika. Aliningoja nimalize kumchoma sindano.

"Nasikia unapita watu."

Nilikuwa nahangaika kufunga kifuniko cha sindano kana kwamba ni kazi ngumu.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ni wiki hii tu, mama. Nilikuwa napima."

"Unapima nini kwa mtoto wa mtu?"

Ndipo nikamweleza. Tulikuwa hatujamwambia, mimi na kaka. Yeye alidhani nimerudi nyumbani basi, nimerudi. Nikamwambia habari ya lita tano, na mwezi wa nane, na zile lita saba. Nililia pia, sitaficha, nililia kama mtoto aliyevunja kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho, uso wake umeelekea mlangoni kwenye mwanga.

"Kumbe mnanipima kwa petroli," akasema. Kisha akaongeza, "Kama kukaa kwangu hapa kunamfanya mtoto wangu apite watu njiani, mpigie kaka yako aje. Nitakwenda."

Sikumpigia. Alipiga mwenyewe siku mbili baadaye kusema shule zimefungwa na anakuja Jumamosi. Aliniuliza gari linakunywa ngapi. Nikamwambia atakuja kuona mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda kazini pamoja na mama, maana ilikuwa siku yake ya kupimwa damu. Alikaa nyuma mahali pake, na leso yake nzuri mabegani. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwahidi kwamba sitapita mtu tena, lakini barabara ilikuwa tupu. Tulikuwa tumekwisha kuingia lami na kwenda kilomita nyingi aliposema, kama anayezungumza na dirisha, "Siku hizi tundu halivumi."

"Tundu gani, mama?"

"Hili la hapa ubavuni pangu. Zamani lilikuwa linavuma, jua likiwa kali. Nilidhani linaingiza vumbi, nikalifunika na mkeka."

Nilisimamisha gari palepale, nusu kwenye lami nusu kwenye mchanga. Nilizunguka nikafungua mlango wake, nikalegeza kamba, nikauvuta mkeka. Chini ya mkono wake, ubavuni mwa kiti, kulikuwa na kidirisha cha plastiki chenye matundu membamba ambacho nilikuwa nimekiona labda mara mia moja bila kukitazama. Kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoshikana na nyuzi za ukindu. Nikachokoa kwa kucha, kipande kikatoka kama kitambaa. Nikaweka kiganja changu. Kulikuwa na pumzi ndogo sana inayovutwa kwenda ndani, kwenye betri.

Niliketi kwenye mchanga. Kila kitu kilijipanga kichwani. Betri ilikuwa inavuta hewa kutoka pale tulipokaa sisi, ili ipoe. Isipopoa haifanyi kazi, na injini inabeba mzigo wote peke yake. Na mimi, kwa akili zangu za kuokoa mafuta, nilikuwa nimezima kiyoyozi na kuijazia hewa ya moto na vumbi. Nilicheka chini chini, kisha nikaacha, kwa sababu mama alikuwa ameuliza kitu.

"Nimesema, ni mkeka?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumwambia ni vumbi tu, na lilikuwepo. Lakini nimewaambia watu wengi sana mambo ya damu zao nikiwatazama usoni, nikashindwa kumfanya mama yangu awe wa kwanza kudanganywa.

"Ni mkeka, mama. Na vumbi, na mimi. Gari lilikuwa linakosa hewa."

Aliupapasa ukingo wa mkeka alioushona, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye kidirisha, akakigusa tundu kwa tundu.

"Basi nilikuwa najipeleka Mombasa kwa mikono yangu," akasema.

Akaomba kisu. Nilikuwa na kile kidogo cha kumenyea machungwa. Nikamwambia nitaukata mimi, akanyoosha mkono tu, akangoja. Alipima kwa shibiri, akakata mraba mmoja ubavuni, taratibu, akijikinga na kidole gumba, na kile kipande akakikunja akakitia kwenye mkoba wake. Sikuweza kutazama. Tulipofika Garsen nilisafisha kidirisha kwa brashi ya maabara, nikafunga madirisha ya gari, nikawasha kiyoyozi. Jioni nikajaza tangi, tukarudi na watu watatu. Ijumaa asubuhi nilikwenda na wawili. Jioni ya Ijumaa hiyo pampu ikajikata kwenye lita tano kamili.

Kaka alifika Jumamosi kabla ya saa sita na gari lake kubwa, nyuma amelaza godoro jipya ili mama asiumie nyonga njiani. Nilimpa karatasi niliyoandikia lita, siku zote, hata zile mbaya, hata wiki ya jaribio. Akaisoma yote akiwa amesimama. Si mtu mbaya kaka yangu. Aliuliza habari ya sita na nukta sita, nikamweleza. Akaenda akatia kidole kwenye kidirisha, akaniuliza breki zinarudishaje nguvu, nikamweleza hilo pia. Kisha akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Sawa. Tano ni tano," akasema. "Na siku utakayougua wewe?"

Nilikuwa nimepima matairi, upepo, watu na mizigo yao, na sikuwahi kujihesabu mwenyewe.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole. Hakuinua uso.

"Siku hiyo atalala humu ndani, nami nitamwuguza," akasema. "Huko kwako nitamwuguza nani?"

Kaka akaenda kwenye gari lake, akalivuta lile godoro, nikamshika upande wa pili, tukaliingiza chumbani kwa mama.